Kumbukumbu za Mvua za Kitale na Bungoma: Kutoka Kadi ya Kituo hadi Kitambaa cha Darizi

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Elgon upande wa magharibi na milima ya Cherangany upande wa mashariki. Bungoma uko kusini-magharibi mwa Kitale, mwendo wa kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, lakini chini yake kwa takriban mita 500. Tofauti hiyo ya kimo huifanya Bungoma iwe na joto zaidi kwa nyuzijoto tatu hivi, na hubadilisha kalenda nzima ya shamba. Bungoma mkulima aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kitale mahindi hupandwa Machi au Aprili, na hukaa shambani hadi Oktoba au baadaye. Mto Nzoia unaunganisha sehemu hizi mbili: chanzo chake ni Cherangany, hupita Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, hushuka Webuye katika kaunti ya Bungoma, kisha huelekea Ziwa Viktoria kupitia nyanda za Budalangi, ambako mafuriko yake yamehamisha watu mara nyingi.

Mvua ya eneo hili ina tabia yake. Katika msimu wa mvua, asubuhi huwa kweupe. Kuanzia saa saba mchana mawingu hurundikana juu ya Elgon, ngurumo husikika kwa mbali, na kufikia jioni mvua imenyesha, pengine ikiwa na mawe. Unyevu mwingi hutoka Ziwa Viktoria. Kwa mwaka Kitale hupata wastani wa milimita 1,200 hivi, na Bungoma mjini hupata zaidi ya hapo, takriban 1,500. Lakini wastani wa mwaka haumwambii mkulima lini ashike jembe. Anachohitaji ni siku: mvua ya kwanza ya kuaminika ilinyesha lini, siku ngapi kavu zikafuata, na kama jambo hilo limewahi kutokea. Kujibu maswali hayo kunahitaji mtu aliyeandika kila siku, na watu wa aina hiyo wamekuwapo Kitale na Bungoma kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Kabla ya vipimo vya kizungu, miaka ilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu. Babukusu, ambao ndio wengi Bungoma na ambao wengi wao pia wanaishi Trans Nzoia, wana marika manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakiisha, huanza upya. Tohara hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila rika huchukua zaidi ya miaka kumi, hivi kwamba mzunguko mzima hukaribia karne. Kwa kuwa jina la rika hurudi, wanaotahiriwa mwaka mmoja hupewa pia jina la ziada linalotokana na tukio la mwaka wao: vita, njaa, ugonjwa, nzige, jambo lolote lililowagusa wote. Mzee akisema fulani alitahiriwa wakati gani, msikilizaji anayejua marika aweza kuuweka mwaka huo mahali pake bila kalenda ya ukutani. Nzige walioingia Kenya kuanzia 1928 na kurudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa alama ya namna hiyo magharibi ya Kenya. Watu walihesabu umri wa watoto kuanzia hapo.

Kumbukumbu hiyo ni imara, lakini huchagua. Hushika mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko, ikauacha mwaka ambao mvua ilifika kwa wakati na wimbi likazaa vizuri. Mvua ya kawaida haiupi mwaka jina. Na ndani ya mwaka, siku za kawaida hazina jina kabisa. Ili kujua kama mvua ya leo imechelewa, ni lazima mtu awe ameziandika zile siku ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzikumbuka.

Uandishi wa namna hiyo ulianza kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Chama cha Waingereza cha Kuendeleza Sayansi kiliunda kamati ya kuchunguza hali ya hewa ya Afrika ya tropiki, ikiongozwa na mwanajiografia E. G. Ravenstein, nayo ikatoa vyombo vya kupimia kwa wamishonari na maofisa waliokuwa tayari kuandika kila siku. Vituo vya kwanza vilikuwa pwani na kando ya njia za misafara. Bara la magharibi lilifikiwa baadaye, kwa kufuata nyayo tatu: misheni, reli na shamba la mlowezi.

Misheni ya Marafiki, yaani Wakweka, ilianza Kaimosi mwaka 1902 na baadaye ikaenea hadi Lugulu katika nchi ya Babukusu. Wakatoliki nao walijenga vituo vyao, Kibabii kikiwa kimojawapo. Reli ya kwenda Uganda ilipita Bungoma katika miaka ya 1920, na tawi lake kutoka Leseru, karibu na Eldoret, likafika Kitale mwaka 1926. Stesheni ya reli ilikuwa mahali pazuri pa kupimia mvua: kuna karani wakati wote, kuna saa ya ukutani inayoaminika, na kuna daftari ambalo tayari linajazwa kila siku. Huko Trans Nzoia mashamba yalianza kugawiwa walowezi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wengine wengi, wakiwamo wanajeshi wa zamani, walifika baada ya 1919. Walipanda mahindi, na kwa kuwa mtaji wa wengi wao ulikuwa mkopo, kuipima mvua halikuwa jambo la kujifurahisha. Kipimamvua katikati ya bustani kilikuwa sehemu ya shamba kama lilivyokuwa ghala.

Mwaka huohuo wa 1926, Luteni Kanali Hugh Stoneham alifungua makumbusho yake binafsi katika eneo hilo. Alikusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ndio ulioanzisha makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa katika jengo la sasa Desemba 1974. Kazi yake inastahili kutajwa hapa kwa sababu mkusanyaji makini wa vipepeo huandika tarehe na mahali kwa kila kipepeo. Lebo ndogo kama hiyo ikiwekwa karibu na kadi ya mvua ya mwezi uleule, hueleza mengi kuhusu mwaka ambao hakuna aliyeusimulia.

Hadi mwisho wa miaka ya 1920 kila mtu aliandika kwa mtindo wake. Mwaka 1929 serikali za Kiingereza ziliunda huduma moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kituo cha uchunguzi cha Mauritius. Huduma hiyo ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Usafiri wa anga ulichangia kuiharakisha kazi hiyo: mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kutua Kisumu zikipitia njia ya Ziwa, na rubani alihitaji taarifa za ngurumo na mawingu. Hata hivyo, hazina kubwa zaidi ya vipimo ilitokana na mamia ya watu wa kujitolea wenye kipimamvua kimoja kila mmoja, kuliko vituo vichache vya viwanja vya ndege.

Ili kadi zote hizo zisichanganyike, kila kituo kilipewa namba. Mpango wake ni rahisi na wa kupendeza. Ramani iligawanywa katika miraba ya digrii moja. Tarakimu mbili za kwanza huonyesha latitudo, kuanzia 90 kwa mraba ulio kusini tu mwa ikweta, zikipungua kwenda kaskazini na kuongezeka kwenda kusini. Mbili zinazofuata ni longitudo, na tatu za mwisho ni zamu ya kituo ndani ya mraba huo. Kituo cha Kitale ni 8834098: kiko kaskazini kidogo ya digrii moja, katika longitudo ya 34, kwenye ukingo wake kabisa. Bungoma, ulio chini ya digrii moja kaskazini, umo katika mraba wa 8934. Anayejua mpango huu akiiona namba tu huweza kuweka kidole mahali penyewe kwenye ramani. Katika orodha ya vituo vya dunia nzima, Kitale hutambuliwa kwa namba 63661.

Chombo chenyewe hakikubadilika sana. Kipimamvua cha kawaida ni mtungi wa chuma au shaba wenye mdomo wa inchi tano, yaani milimita 127, na ukingo mkali ili tone linaloangukia pembeni lisiwe na shaka liko ndani au nje. Mdomo huo huwa kama sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na miti na kuta. Ndani kuna faneli inayopeleka maji kwenye chupa. Saa tatu asubuhi mpimaji huitoa chupa, humimina maji katika silinda nyembamba ya kioo yenye mistari, huiweka mbele ya macho, na kusoma sehemu ya chini ya mkunjo wa maji, si kingo zinazopanda kioo. Milimita moja ya mvua katika mdomo wa upana huo ni mililita 12.7 hivi, karibu vijiko viwili na nusu vya chai. Kiasi hicho kidogo kikienea ekari nzima ni zaidi ya lita 4,000, kama madumu 200 ya lita ishirini. Hii ndiyo sababu mpimaji hapaswi kumwaga hata tone kabla ya kusoma.

Saa tatu asubuhi ilifaa sana eneo hili. Kwa kuwa mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, kusoma asubuhi hukusanya mvua nzima ya siku iliyotangulia bila kuikata katikati. Mpimaji aliyesoma saa kumi alasiri angeigawa dhoruba moja kuwa siku mbili.

Kadi ya mwezi ina mistari 31, na sheria zake ni chache lakini kali. Siku isiyo na mvua huandikwa sufuri au alama yake, haiachwi wazi. Mvua iliyolowesha nyasi bila kufikia kipimo cha chini kabisa huandikwa kwa alama ya manyunyu. Siku ambayo mpimaji hakuwapo haijazwi kwa kukisia: maji ya siku mbili au tatu husomwa kwa pamoja, na siku hizo hufungwa kwa mabano mbele ya jumla moja.  Kadi yenye mabano huonyesha mpimaji mwaminifu. Kadi ambayo kila siku ya mvua inaishia kwenye namba nzima, hakuna desimali, hutiliwa shaka.

Kabla ya Kenya kuhamia vipimo vya mita, mvua iliandikwa kwa inchi na sehemu za mia za inchi. Kadi za zamani za Kitale na Bungoma zina tarakimu hizo, na anayezihamisha sasa huzidisha kila siku kwa 25.4. Nukta ya desimali iliyofifia kwa unyevu wa ghala huweza kugeuza mvua ya inchi 0.35 kuwa 3.5, tofauti kati ya mvua ya kawaida na gharika.

Kitale kilikua kuwa kituo kamili. Pamoja na kipimamvua kulikuwa na sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vipande vilivyolazwa kama vibao vya dirisha, linalopitisha upepo na kuzuia jua, ndani yake vipimajoto vya joto la juu na la chini, na vingine viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji ili kupima unyevu wa hewa. Kulikuwa pia na kipimajua: gololi kubwa ya kioo ambayo hukusanya miali ya jua na kuunguza mstari kwenye kadi nene iliyowekwa nyuma yake. Wingu likipita, mstari hukatika. Jua likirudi, mstari huendelea mbele kidogo. Jioni kadi hutolewa ikiwa na picha ya siku nzima: katika mwezi wa Januari, mstari mrefu mweusi tangu asubuhi hadi jioni, katika Julai, mstari wa nusu ya kwanza ya siku, kisha vidoa vichache vya alasiri. Hakuna chombo kingine cha kituoni ambamo siku hujichora yenyewe kwa namna hiyo.

Bungoma haikupata kituo kikubwa cha namna hiyo katika enzi hizo. Vya karibu vilikuwa Kakamega na Kitale. Ilitegemea vipimamvua peke yake, kwenye ofisi za serikali, misheni, shule na stesheni. Kwa hiyo historia ya mvua ya Bungoma ni ya kina, na ile ya joto lake ni haba. Mwanafunzi anayeandika kuhusu joto la Bungoma miaka ya 1940 hulazimika kulikadiria kutoka kwa majirani.

Wengi wa walioandika kadi hizi hawakulipwa kwa kazi hiyo, wala hawajulikani majina. Juu ya kadi kuna jina la shamba, la stesheni au la misheni. Aliyeinama kwenye nyasi zenye umande kila asubuhi mara nyingi alikuwa mnyapara, karani, mwalimu, mke wa mwenye shamba, au kijana wa nyumbani aliyefundishwa kusoma silinda. Wakurugenzi wa Nairobi majina yao yanajulikana. Wapimaji wenyewe bado wanadaiwa historia yao, na inafaa iandikwe wakati watoto wao wangali hai kueleza nani alikuwa akitumwa kusoma chupa.

Kadi zilipata kazi kubwa kuanzia 1955, wakati Michael Harrison alipoanza uzalishaji wa mbegu za mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Aina ya Kitale Synthetic II ilitolewa mwaka 1961. Ilipochanganywa na mahindi ya Ekuador yaliyoitwa Ecuador 573, ikazaliwa H611, mbegu chotara iliyotolewa mwaka 1964 na kusambazwa na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyokuwa imeanzishwa Kitale mwaka 1956. Mbegu hizo zilichukua miezi mingi shambani, hivyo zilihitaji kutumia kila siku ya msimu. A. Y. Allan, mtafiti wa kilimo Kitale, alionyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba tarehe ya kupanda ilikuwa na uzito mkubwa, pengine kuliko mbolea kwa mkulima mdogo: aliyepanda mvua zilipoanza alivuna zaidi ya aliyengoja, na hasara iliongezeka kwa kila siku ya kuchelewa.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa hapohapo walitafuta sababu, na jibu likawa la kushangaza. Haikuwa maji peke yake. Katika wiki za mwanzo kiini cha mmea wa mhindi, pale majani mapya yanapotokea, kiko chini ya udongo. Udongo wa Kitale huwa na joto mwisho wa kiangazi, kisha hupoa mvua zinapozidi. Mmea uliopandwa mapema hukuta joto hilo na kukua haraka. Uliochelewa huanza maisha katika udongo wa baridi. Bila vipimajoto vya udongo vilivyosomwa kila siku kwa miaka, ushauri wa kupanda mapema, hata udongo ukiwa bado mkavu, ungebaki neno la wazee na mabwana shamba bila maelezo.

Ujio wa uhuru ulibadilisha ramani ya wapimaji. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza 1962, na mashamba makubwa yakaanza kugawanywa au kununuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za ardhi. Kwa waliopata ardhi hiyo lilikuwa jambo la haki lililosubiriwa kwa miaka mingi. Kwa mfululizo wa vipimo vya mvua lilikuwa pigo: mwenye shamba alipoondoka, kipimamvua kiliondoka naye, au kilibaki kikawa mtungi wa kuchotea maji. Kadi nyingi za Trans Nzoia huishia katika miaka hiyo. Upande wa Bungoma mwendelezo ulikuwa bora kidogo, kwa sababu huko vipimo vingi vilikuwa kwenye taasisi, si kwa mtu binafsi. Shule haihami mwalimu mkuu anapohamishwa, ingawa bidii ya kusoma chupa wakati wa likizo huweza kuhama naye.

Pigo la pili lilikuwa la kisiasa. Idara ya hali ya hewa ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na yake. Idara ya Kenya ilirithi makao ya Dagoretti Corner, Nairobi, pamoja na ghala la kadi. Miaka iliyofuata fedha zilipungua, vioo vya kupimia vilivunjika bila kubadilishwa, na idadi ya vituo vya kujitolea nchini ikashuka sana. Kitale kiliendelea. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, idara ina wakurugenzi wa kaunti, na utabiri wa msimu hutolewa kwa Trans Nzoia na kwa Bungoma kila mmoja peke yake.

Katika ukanda huohuo wa magharibi kumekuwa na jaribio la kuziunganisha kumbukumbu za kimila na kadi. Jamii ya Nganyi ya Bunyore, katika Vihiga, kusini mwa Bungoma, ni maarufu kwa uleta-mvua. Kuanzia mwaka 2008 hivi, wazee wake walikaa na wataalamu wa idara na wa vyuo, kila upande ukatoa utabiri wake wa msimu, kisha wakakubaliana juu ya tamko moja kwa wakulima. Wazee walieleza dalili wanazofuatilia: kuchanua na kupukutika kwa miti ya msitu wao mtakatifu, mienendo ya ndege na wadudu, mwelekeo wa upepo. Kilichobainika ni kwamba nao huchunguza kila siku, bila kuacha. Walichokosa ni karatasi tu.

Kando ya haya yote kuna ufundi mwingine wa subira uliokita mizizi magharibi ya Kenya: sindano. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona na kudarizi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952, kiliupeleka ufundi huo kwenye vikundi vya vijijini. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ukaweka mishono katika somo la sayansi kimu, na watoto wengi wa Kitale na Bungoma wa kizazi hicho walijaza kipande cha kitambaa kwa safu za mishono tofauti. Matokeo yake yanaonekana katika sebule: vitambaa vya kochi na vya meza, vingine vya kusuka kwa kulabu, vingine vya darizi ya msalaba yenye maua na maneno ya baraka.

Huko Marekani na Ulaya, watu wameanza kuiandika hali ya hewa kwa ufundi huo. Mfumaji huchagua rangi kwa kila kiwango cha joto, na kila siku huongeza mstari mmoja. Mwisho wa mwaka ana blanketi lenye siku 365. Mwaka 2017 huko Anacortes, katika jimbo la Washington, ulianza mradi wa Tempestry, unaofuma mwaka mmoja wa mahali pamoja kwa rangi zilizowekwa sawa kwa wote, ili vitambaa viweze kulinganishwa. Mwaka uliofuata, Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading alisambaza michoro yake ya mistari ya buluu na nyekundu inayoonyesha kupanda kwa joto la dunia, na wengi wakaihamishia kwenye uzi.

Mtindo huo ukihamishwa Kitale bila kubadilishwa hauzai kitu. Umebuniwa kwa nchi za theluji, ambako Januari na Julai zimeachana sana kwa joto. Kitale wastani wa joto la juu la mchana husogea kati ya 23 na 28 hivi mwaka mzima. Kwa rangi zilizopangwa kwa ajili ya Washington, kitambaa chote kingekuwa na rangi chache tu. Kinachotofautisha siku moja na nyingine hapa ni mvua, na kwa mvua kitambaa hupendeza sana. Viwango sita vinatosha: sufuri, chini ya milimita 1, kati ya 1 na 5, hadi 10, hadi 20, na zaidi ya 20, kuanzia rangi ya mchanga hadi buluu iliyokolea. Kwenye kitambaa cha Aida chenye matundu 14 kwa inchi, siku moja kwa mstari mmoja hutoa urefu wa inchi 26, kama sentimita 66. Mstari ukiwa na misalaba 20, mwaka mzima ni misalaba 7,300. Desemba hadi Februari hutoka kama mchanga mtupu. Aprili na Mei hujaa buluu, Juni hupungua, Agosti hukolea tena, na mavuno huanza rangi ikififia. Kitambaa cha Bungoma, kikidariziwa kwa viwango vilevile, kingekuwa na buluu nyingi zaidi Oktoba na Novemba, na kwa kuvitazama pamoja mtu huelewa kwa nini mmoja hupanda mara mbili na mwingine mara moja.

Kanuni ya kadi hutumika pia kwenye kitambaa. Siku kavu hudariziwa rangi yake ya mchanga; siku isiyopimwa huachwa bila mshono, kitambaa kitupu kionekane. Siku za mabano hugawana rangi ya wastani wao na kuwekewa uzi mwembamba pembeni, ili ijulikane kwamba jumla ni ya kweli ila mgawo ni wa makisio.

Anayetaka kudarizi mwaka wa sasa aweza kutumia kipimamvua cha plastiki cha bei nafuu, au takwimu za vituo vinavyojiendesha vyenyewe. Mtandao wa TAHMO umeweka vituo vya namna hiyo katika shule nyingi za Kenya. Anayetaka mwaka uliopita aweza kutumia makadirio ya setilaiti, kama yale ya CHIRPS, yanayoonyesha mvua ya kila eneo la kama kilomita tano tangu 1981, yakirekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Nyuma ya 1981 hakuna setilaiti ya kumsaidia. Mvua kubwa za mwisho wa 1961, zilizokuja katika miezi ambayo mahindi ya Kitale hukaushwa na ambazo zilianzisha kupanda kwa Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, zimehifadhiwa siku kwa siku kwenye kadi pekee, kwa inchi na sehemu za mia. Baadhi ya kadi za miaka hiyo zimeingizwa kwenye kompyuta. Nyingine zinangoja mtu wa kuzipiga picha, kuziandika mara mbili na kulinganisha nakala hizo mbili, mstari kwa mstari.